Betri yangu ya zinki inakufa mapema: ubovu uko kwenye unga mweusi?

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa redio na sola, kibanda changu kipo Buguruni. Nimechoka kuona wateja wanatupa betri za taa za sola, nikaanza kujaribu betri ya zinki ya kuchaji. Zinki nimeitoa kwenye makopo ya mawe ya redio yaliyokwisha, unga mweusi nimeutoa humohumo, nikausaga na mkaa wa kupikia, nikaupaka kwenye wavu wa chujio la chai. Katikati nimeweka kitambaa, na maji yake ni salfeti ya zinki. Siku za mwanzo iliwasha taa ndogo vizuri. Nilipochaji mara kama ishirini hivi, ikawa haifiki hata robo ya ilipoanzia. Nikiifungua naona magamba meupe juu ya unga, na maji yamekuwa na rangi ya kutu. Nikipandisha chaji hadi volti 2.4 inaamka siku moja, halafu inakufa zaidi. Kijana mmoja wa chuo kaniambia ayoni ya zinki, yaani chembe ya zinki yenye chaji, ni kubwa mno, haiingii kwenye manganizi, kwa hiyo ninunue madini ya vanadi. Ni kweli? Hiyo kathodi (upande chanya, wenye unga mweusi) niiboresheje?*

Marahaba, fundi. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umeandika ulichokiona, si ulichosikia. Magamba meupe, rangi ya kutu, betri kuamka siku moja kisha kufa: hivyo vitatu vinanieleza mengi kuliko ungenitumia picha kumi. Na usijione umefeli. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Yamamoto na Shoji, walijaribu karibu kitu hichohicho: zinki, salfeti ya zinki na dioksaidi ya manganizi. Ilichajika, ikachoka. Jina la "betri ya ayoni ya zinki" lilikuja kupata nguvu mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua cha China walipoeleza kwamba zinki inaingia na kutoka ndani ya manganizi. Tangu hapo maabara nyingi duniani zimekwama pale ulipokwama wewe, ila zenyewe hazitumii chujio la chai.

Nianze na kijana wa chuo, maana ameshika nusu ya jambo. Ayoni ya zinki si kubwa. Ikiwa peke yake, upana wake unakaribiana sana na wa ayoni ya lithiamu, ile inayoingia na kutoka kwenye betri ya simu yako kila siku. Tabu yake ni mbili. Kwanza ina chaji mbili badala ya moja, kwa hiyo inavutwa kwa nguvu na oksijeni zilizomo ndani ya unga. Ikishaingia, kutoka ni kazi. Pili, ikiwa kwenye maji haitembei peke yake, huwa imekumbatiwa na molekuli sita za maji. Mfikirie mchukuzi wa Kariakoo. Mwenyewe ni mwembamba, kichochoro anapita, ila ana marobota sita mgongoni. Mlangoni ama ayatue, jambo linalomgharimu nguvu, ama kichochoro kiwe kipana.

Na kweli ndani ya dioksaidi ya manganizi kuna vichochoro. Unga huo una maumbo mengi ya fuwele, na kila umbo lina ramani yake. Lipo lenye njia nyembamba sana; lipo lenye njia pana za mraba, karibu sehemu 4.6 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni kumi. Na lipo lisilo na vichochoro bali tabaka, kama ghorofa, zenye nafasi ya karibu sehemu 7 za kipimo hichohicho. Unga wa mawe ya redio kwa kawaida ni mchanganyiko wa njia nyembamba na za wastani. Kwa hiyo msongamano upo, ila huo sio uliokuua betri.

Sasa magamba meupe. Wengi wakiyaona husema ni uchafu wa maji ya bomba, au zinki imehamia upande usio wake. Sivyo. Betri yako inapotoa umeme, zinki sio peke yake inayoingia kwenye unga mweusi. Protoni, yaani ayoni za haidrojeni zilizomo kwenye maji, nazo zinaingia, tena kwa wepesi zaidi kwa sababu ni ndogo mno. Kila protoni inayoingia inaacha nyuma hali ya ubesi, yaani kinyume cha asidi, kwenye maji yaliyo karibu na kathodi. Ubesi ukizidi pale, salfeti ya zinki haiwezi kubaki imeyeyuka, inaganda kuwa vipande vyembamba vyeupe vya haidroksaidi na salfeti ya zinki kwa pamoja. Ukichaji, protoni zinarudi majini, asidi inapanda, magamba yanayeyuka. Kwa maneno mengine, magamba ni sehemu ya kupumua kwa betri hii. Ubaya ni pale yanapobaki hata baada ya kuchaji, kwa sababu yanaziba uso wa unga kama bati lililofunika dirisha. Yakibaki, ujue kuna kitu kingine kilichoharibika.

Kitu hicho ni manganizi yenyewe inayeyuka. Hapa naomba unifuate taratibu, ndipo kiini cha swali lako kilipo. Ikiwa imechajiwa, manganizi imepungukiwa elektroni nne. Ukitumia betri inapokea moja, inabaki imepungukiwa tatu, na hali hiyo ya tatu haina raha: inazisukuma mbali oksijeni mbili kati ya sita zinazoizunguka, fuwele inajipinda. Mbaya zaidi, manganizi mbili za hali hiyo zikikutana zinaweza kugawana: moja inarudi kuwa ya nne, nyingine inashuka kuwa ya pili. Ya pili inayeyuka majini kama chumvi. Hutaiona, rangi yake ni ya waridi hafifu mno. Kila ukitumia betri, kiasi kidogo cha kathodi yako kinaondoka kwenye wavu na kuingia majini. Ukichaji, sehemu yake inarudi kuganda, sehemu hairudi, na inayorudi haikai pale ilipotoka. Mara ishirini za namna hiyo, na robo iliyobaki uliyoipima inaeleweka kabisa.

Rangi ya kutu ni kesi nyingine. Nina hakika kubwa kwamba ni chujio lako. Mawe ya redio ya kawaida yana kloraidi, ya zinki au ya amonia, na hukusema kama uliuosha unga. Kloraidi hutoboa hata chuma kinachoitwa cha pua (kisichoshika kutu), na ulipopandisha hadi volti 2.4 ulikisukuma chuma hicho kiyeyuke. Kwa kathodi hii usipite volti 1.8 unapochaji, na usiteremke chini ya volti 1.0 unapotumia. Ukizidi hapo juu, maji yenyewe yanaanza kupasuka kuwa oksijeni na haidrojeni. Kule kuamka kwa siku moja kulikuwa kweli: volti kubwa iligandisha upya manganizi iliyokuwa majini. Lakini ulilipa kwa wavu na kwa maji.

Hata unga wenyewe, fundi, uliuokota ukiwa umeshatumika nusu ya maisha yake. Mawe yaliyokwisha yana manganizi iliyokwisha kupokea elektroni, na ndani yake mara nyingi kumeshaundwa oksaidi ya zinki na manganizi kwa pamoja, ambayo haikubali kuchajika kirahisi. Ukitaka kuendelea na njia hii, angalau vunja mawe mapya ya bei ya chini, yale ya kaboni na zinki, na unga uuoshe kwa maji hadi chumvi iishe. Ya alkalini yaache, yana potasi kali inayounguza ngozi na macho. Betri za lithiamu usifungue kabisa.

Kwa hiyo sikushauri ubadilishe madini kwanza. Anza na maji.

Mwaka 2016 watafiti wa maabara ya taifa ya Pacific Northwest kule Marekani walifanya jambo rahisi ambalo bado nalipenda: waliweka chumvi ya manganizi kwenye maji kabla betri haijaanza kazi. Kama maji tayari yana manganizi, ile ya kwenye kathodi haina haraka ya kuyeyuka, na ukichaji kuna akiba ya kugandisha upya. Walipita mizunguko 5,000 ya kuchaji na kutumia. Kipimo chao ni hiki: kwenye mililita 100 za mchanganyiko uliokamilika, weka gramu 57.5 za salfeti ya zinki yenye maji saba (ile ya fuwele nyeupe) na gramu 1.7 za salfeti ya manganizi yenye maji moja. Tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri za magari. Angalia chupa vizuri usije ukachukua asidi, maana mtaani zote mbili zinaitwa "maji ya betri". Chumvi zote mbili utazikuta maduka ya pembejeo kama mbolea, ila za mbolea huwa na chuma na takataka nyingine, kwa hiyo tafuta za maabara hata kama ni kidogo. Salfeti ya zinki, kwa taarifa yako, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye vidonge vingi vya zinki wanavyopewa watoto wakiharisha. Ila usianze kununua vidonge, hutafika popote.

Tahadhari moja kuhusu dawa hii. Manganizi ya kwenye maji itaganda kwenye kathodi na kuongeza uwezo wa betri siku za mwanzo. Utapima leo zaidi ya jana, utafurahi. Hiyo ni akiba ya maji inahamia juu ya wavu, unga wako haujawa bora. Subiri mizunguko thelathini au arobaini ndipo uamini namba.

Jambo la pili ni mkaa. Mkaa wa kupikia umechomwa kwa joto dogo, umeme haupiti vizuri ndani yake. Chukua kipande, weka mita pande mbili, utajionea. Na dioksaidi ya manganizi peke yake ni mpitishaji mbovu sana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unga wako ilikaa gizani tangu siku ya kwanza, haikuguswa na umeme. Tumia kinywe (grafiti) kilichosagwa laini, ukipata na masizi meusi ya kiwandani uchanganye. Kinywe tunacho hapa nchini, Mahenge kumejaa, ingawa cha mgodini hakijasafishwa kwa kazi hii. Njia ya karibu ni kile kijiti cheusi cha katikati ya jiwe la redio. Mizani ya kuanzia: sehemu saba za manganizi, mbili za kaboni, moja ya gundi. Badala ya chujio, pakaza kwenye karatasi ya kinywe inayotengenezewa gasketi, isiyo na bati ndani. Ukibadilisha haya tu, ukaacha unga uleule, betri itakushangaza.

Ndipo tuje kwenye kuboresha kathodi yenyewe, kama wanavyofanya maabara. Wazo kubwa ni kuweka nguzo. Chukua lile umbo la tabaka, la ghorofa. Likiwa tupu, tabaka zinajikunja na kuanguka zinki ikiingia na kutoka. Sasa wanajaza kitu kati ya tabaka wakati wa kulitengeneza: potasiamu, molekuli za maji, au hata polima inayopitisha umeme iitwayo polianilini. Kitu hicho hakitoki, kinashikilia dari. Maji yaliyomo ndani yana kazi nyingine tena, yanapunguza makali ya chaji mbili za zinki, mchukuzi wetu anapita bila kushikwashikwa na kila ukuta. Wengine wanaziondoa oksijeni chache makusudi ili umeme na ayoni vipite kirahisi, wengine wanapachika metali nyingine kidogo ili fuwele isijipinde. Yote yanafanya kazi kwa viwango tofauti. Kwa maoni yangu nguzo ndizo zenye faida inayoonekana. Mengine mara nyingi yanaleta nyongeza ndogo ambayo maji mazuri yangekupa bure.

Umbo la tabaka lenye potasiamu hutengenezwa kutokana na pamanganeti ya potasiamu. Najua unaweza kuipata. Usiijaribu kibandani. Ikikutana kavu na sukari, gliserini au unga wa kaboni inaweza kuwaka yenyewe au kwa kusuguliwa tu.

Vanadi? Kijana hakukudanganya kwamba ipo na ni nzuri. Mwaka huohuo wa 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, lilionyesha oksaidi ya vanadi yenye nguzo za zinki na maji, ikabeba karibu 300 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa) kwa gramu na kudumu muda mrefu. Ila volti yake ni kama 0.8 tu, wakati manganizi inakupa kati ya 1.3 na 1.4. Taa ya sola inataka volti, utalazimika kuunga seli nyingi zaidi. Na vumbi la oksaidi ya vanadi ni sumu ya mapafu. Sitaki nikusikie umeinunua. Ipo pia familia ya rangi ya bluu ya Prussia, yenye volti nzuri karibu 1.7, lakini inabeba takribani 60 mAh kwa gramu, na ikikutana na asidi kali au moto inaweza kutoa gesi ya sianidi. Kwa betri ya kukaa pembeni ya nyumba, ambayo uzito si hoja, manganizi bado ndiyo chaguo langu: bei nafuu, sumu kidogo, na Afrika inaongoza kuichimba, Afrika Kusini na Gabon wakiwa mbele.

Kuna jambo ambalo ripoti nyingi hulipitia juujuu, na wewe kama fundi ndilo litakalokugusa. Tuseme mteja anataka taa ya wati 1 iwake kwa saa 5. Hizo ni wati-saa 5. Kathodi nzuri ya manganizi ikitoa 150 mAh kwa gramu kwa volti 1.3, utahitaji kama gramu 25 za manganizi. Si nyingi, zinajaa kiganjani. Lakini maabara nyingi hupaka milligramu 2 tu kwa kila sentimita ya mraba, ili ayoni zisisafiri mbali na matokeo yapendeze. Kwa upakaji huo gramu 25 zinataka eneo la mita 1.25 za mraba. Hiyo inakaribia khanga moja iliyotandazwa, kwa taa moja! Ukipaka milligramu 20, eneo linashuka hadi karatasi mbili za A4. Ndiyo maana napima kathodi kwa unene wake kwanza. Ukipaka nene, hata unga bora duniani huchoka mapema: ayoni hazifiki chini, magamba yanaziba juu, upako unapasuka ukikauka. Paka mara mbilimbili nyembamba, acha ikauke kivulini, kisha ibane kwa jeki au roli.

Na upimaji wako uwe wa kweli. Mizunguko elfu kadhaa unayoisoma mara nyingi imefanywa kwa kasi, betri inamalizwa kwa dakika chache. Kwa kasi hiyo manganizi haipati nafasi ya kuyeyuka. Taa yako inakwenda polepole, saa tano, na polepole ndiko kunakoiumiza kathodi. Tengeneza seli ndogo yenye gramu 1 ya manganizi, funga rezista ya ohmu 47, hapo unatoa takribani miliampea 28. Hesabu muda hadi volti 1.0. Ikidumu kwa muda wa saa tano uko vizuri. Fanya seli mbili zinazofanana, moja na salfeti ya manganizi, moja bila, andika kila siku kwenye daftari. Zikae sehemu moja, mbali na joto la bati, maana mchana wa Februari chini ya bati la Buguruni unaharakisha kila kuyeyuka. Usizizibe kabisa, haidrojeni lazima itoke. Na mshumaa au pasi ya kulehemu isiwe karibu.

Ukisaga unga mweusi, usage ukiwa umelowa, na uvae barakoa ya vumbi. Vumbi la manganizi likivutwa kwa miezi na miaka linadhuru ubongo: mikono kutetemeka, mwendo kubadilika, hasira zisizo na sababu. Ukiona dalili hizo nenda hospitali na utaje kazi unayofanya, kwa sababu daktari hatabahatisha mwenyewe. Kitu kikikuingia jichoni osha kwa maji mengi dakika kumi na tano au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Kuhusu kuagiza na kuhifadhi kemikali kwa wingi, au kuanza kuuza betri, pita kwanza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali uulize vibali. Kwa majaribio ya gramu chache kibandani, ninayokuambia hapa yanatosha kuanzia.

Ikiwa baada ya kubadili maji, kaboni na wavu bado inakufa kabla ya mzunguko wa hamsini, basi hapo kukisia kwangu kumeisha, panahitajika mashine ya kusoma fuwele. Nenda idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, au DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) pale mjini, uulize mtu wa maabara ya madini au kemia. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutafuta mradi kila mwaka, na wako ni mzuri. Ukienda, usiioshe kathodi. Ifunge ikiwa na unyevu wake na magamba yake kwenye mfuko wa plastiki, uandike juu ilikuwa imechajiwa au imetumika, mzunguko wa ngapi. Beba na daftari.